Sentensi ya Pili

Najat Mwinjuma hakuwa mtoto wa kuamshwa. Adhana ya alfajiri ikimalizika, naye alikuwa ameshakunja shuka. Aliswali pamoja na mama yake, akafagia uwanja, akanywa chai kwa kiporo cha wali, kisha akainyoosha sketi yake ya bluu kwa pasi ya mkaa mpaka marinda yakasimama. Baba yake, Sajini Mwinjuma, alikuwa mwanajeshi, na majirani zao wa Gongo la Mboto walipenda kusema kwamba mtoto yule alizaliwa na gwaride mguuni.

Alikuwa darasa la sita katika Shule ya Msingi Mtopetope, na tangu Januari alikuwa kiranja wa bendera. Wenzake wakiwa bado wanafagia na kumwagilia maua, yeye aliichukua bendera ofisini, akaifunga kwenye kamba, na paredi ilipopangwa akaipandisha taratibu huku shule nzima ikiimba Wimbo wa Taifa. Hakuwahi kuiacha iguse ardhi, na hakuwahi kuchelewa. Ilipofika juu na kukunjuka, alisikia kitu fulani kifuani. Hakulijua jina lake, ila alijua ni kitu kizuri.

Deski moja naye alikaa Sekela, msichana mrefu na mpole aliyehamia shuleni hapo mwaka uliopita akitokea Tukuyu. Mama yake, Tupokigwe, alikuwa fundi cherehani. Walipanga chumba kimoja chenye baraza nyuma ya soko, na sare nyingi za watoto wa Mtopetope zilishonwa pale barazani. Sekela alikuwa na mwandiko mzuri, na kwake hesabu zilikuwa kama kunywa maji.

Lilikuwepo jambo moja tu. Wimbo wa Taifa ulipoanza, Sekela alisimama wima, mikono ubavuni, macho kwenye bendera, lakini mdomo wake haukufunguka. Familia yake ilikuwa ya dhehebu dogo la Kikristo lililokutana nyumbani kwa muumini mmoja. Waumini wake walitii sheria na kulipa kodi kama watu wengine, ila waliamini kwamba kuimba kwa kusifu na kuomba ni kwa ibada peke yake. Kwa hiyo hawakuimba wimbo wa taifa lolote. Kwa mwaka mzima hakuna aliyeligundua hilo. Katika mamia ya watoto, nani ataona mdomo mmoja uliofungwa?

Mambo yalibadilika mwezi wa Julai, ilipotangazwa kwamba wageni kutoka wilayani watakuja kuangalia nidhamu ya shule. Mwalimu Auleria, mwalimu mkuu, alikuwa safarini kwenye mafunzo, hivyo maandalizi yakawa mikononi mwa msaidizi wake, Mwalimu Didas, aliyefundisha Uraia na Maadili. Mwalimu Didas aliipenda nchi yake kwa moyo wote, na alitaka kila mtoto aipende kwa sauti ya kusikika. Wimbo ulirudiwa mara tatu, mara nne. Viranja wakaagizwa waandike taarifa ya kila anayekosea kwenye paredi.

Farhan, kiranja wa mazingira, ndiye aliyeligusa donda. Alimnong'oneza Najat kwamba jirani yake wa deski haimbi, akamuuliza kama viranja siku hizi wanapendeleana. Maneno hayo yalimchoma. Wakati wa mapumziko Najat alimfuata Sekela kwenye bomba la maji.

"Kesho uimbe," alimwambia. "Hata ukichezesha mdomo tu, inatosha."

"Kuchezesha mdomo ni kudanganya," Sekela alijibu. "Nitasimama vizuri kama siku zote. Kuimba siwezi, Najat. Imani yetu hairuhusu."

Hakulisema kwa kiburi, lakini Najat alijiona ametukanwa, kana kwamba ameambiwa wimbo wake haufai. Na siku hiyo hiyo matokeo ya mtihani wa mwezi yalibandikwa ukutani: Sekela wa kwanza, Najat wa pili, kama mwezi uliotangulia. Baadaye Najat alijiuliza mara nyingi ni lipi kati ya machungu hayo mawili lililoishika kalamu, na hakupata jibu.

Sentensi ya kwanza aliiandika haraka: "Sekela wa darasa la sita haimbi Wimbo wa Taifa." Akaisoma. Akaiona nyepesi. Wiki iliyopita watoto watatu walioandikwa hivyo waliambiwa tu warudie mazoezi. Basi akaongeza ya pili: "Na bendera ikipanda yeye huicheka."

Akaikunja karatasi, akaipeleka ofisini.

Mwalimu Didas alipoisoma, uso ulimbadilika. Alimwita Sekela, akamuuliza. Sekela alikiri la kwanza na kulikana la pili. Akasema hajawahi kuicheka bendera hata siku moja. Mwalimu akamuuliza yeye amwamini nani, kiranja anayepandisha bendera kila siku, au mtoto asiyetaka hata kuiimbia nchi yake? Sekela akapewa barua. Asionekane shuleni mpaka kamati ya shule itakapokaa kulijadili suala lake.

Maneno ya shuleni hayakai shuleni. Jioni ile ile, kwenye genge la nyanya, ilisemwa kwamba mtoto wa fundi ameicheka bendera. Kesho yake akawa ameitemea mate. Siku ya tatu ikasemwa kwamba yeye na mama yake husali ili nchi ipate balaa. Waliosema hivyo walikuwa Waislamu na Wakristo, wenyeji wa pwani na watu wa bara. Kulikuwa na mengi wasiyokubaliana, lakini kwa hilo walikuwa kitu kimoja. Mmoja mmoja wakaanza kwenda kwa Tupokigwe kuchukua vitambaa vyao, hata vile vilivyokwisha kukatwa. Mtu asiyejulikana akaandika kwa mkaa kwenye ukuta wa baraza: HAMENI.

Alhamisi, mama yake Najat, Bi Somoe, alimtuma akachukue sketi yake mpya iliyokuwa ikishonwa huko. Hakuwa na ugomvi na fundi, alisema, ila hakutaka watu waseme. Najat alitamani kukataa, lakini angekataa kwa sababu gani?

Alimkuta Tupokigwe akiusugua ukuta kwa kitambaa kibichi. Maandishi yalikuwa yamefifia, lakini bado yalisomeka. Cherehani ilikuwa imefunikwa kanga. Kando yake vitambaa vilikunjwa vizuri, kila kimoja kikiwa na karatasi ya jina la mwenyewe, tayari kwa watakaokuja kuvichukua.

"Shikamoo, mama Sekela."

"Marahaba, mwanangu. Sketi yako tayari. Nimeiachia upindo, maana unarefuka."

Alimkabidhi. Najat alipogeuka aondoke, Tupokigwe alimsimamisha.

"Wewe ndiye unayepandisha bendera. Na wamesema wewe ndiye uliyemwona. Hebu niambie kwa mdomo wako. Mwanangu alicheka?"

Najat aliitazama sketi mikononi mwake. "Ndivyo ilivyoandikwa, mama."

Tupokigwe alishusha pumzi. "Basi ni kweli. Kila siku ananiambia hakucheka, nami namwambia aache uongo, kwa sababu kiranja hawezi kumzulia. Kuimba tunajizuia, hilo ni letu. Lakini kuidharau bendera hatukumfundisha. Kama aliicheka, ametukosea hata sisi."

Ndani, Sekela aliinua kichwa kutoka kwenye daftari. Hakulia wala hakumtukana. Alimtazama Najat tu, kama mtu anayengoja zamu ya mwenzake kusema. Najat akaaga na kuondoka.

Njiani aliikumbuka ile karatasi. Alikuwa akifikiri kwamba alichokiandika kimeishia ofisini. Kumbe maneno matano yaliingia mpaka chumbani kwa watu, yakasimama katikati ya mama na mwanawe.

Ijumaa aliingia ofisini kwa Mwalimu Didas, akamwambia kwamba labda siku ile hakuona vizuri. Mwalimu aliweka kalamu chini, akatabasamu.

"Unamhurumia rafiki yako, na huo ni ubinadamu," alisema. "Lakini umeitetea nchi yako, Najat. Wageni wako njiani. Tukianza kubadilisha maneno sasa, shule itaonekana inayumba. Simama imara."

Najat alitoka na sifa zilizomwelemea kuliko viboko. Alisimama kivulini nyuma ya ofisi, akajiona mjinga kwa lile neno "labda". Lilikuwa neno la kujificha. Hapo ndipo alipoamua. Hatalisema tena. Atakaposema, atasema jambo kama lilivyokuwa, na litakalompata limpate.

Jumamosi alipotoka madrasa, alimkuta baba yake nyuma ya nyumba akipiga rangi buti zake.

"Baba, nimeandika taarifa ya uongo."

Sajini Mwinjuma hakupandisha sauti. Aliweka brashi chini, akamwonyesha ndoo iliyogeuzwa akae, akamtaka aanze mwanzo. Najat alieleza yote, hata habari ya mtihani, ambayo angeweza kuificha. Alipomaliza, baba aliuliza swali moja tu: je, alimwona Sekela akicheka kwa macho yake? Najat akasema hakumwona.

"Kazini kwetu," baba alisema, "mtu akitumwa kuangalia mbele, anarudi na alichokiona. Kama hajaona kitu, anasema sijaona. Akiongeza la kwake, wenzake wataelekeza bunduki kusiko na adui. Wewe umeuelekeza mtaa mzima kwa mama mmoja na mtoto wake."

"Nilitaka kuitetea bendera, baba."

"Nani alikuwa ameishambulia?"

Baba akaichukua tena brashi, akakumbuka kitu, akairudisha chini. Alisema kamati inakaa Jumatatu saa nane mchana. Atamsindikiza mpaka mlangoni, lakini ndani ataingia peke yake, kwa kuwa maneno yalikuwa yake.

Jumatatu Mwalimu Auleria alikuwa amesharudi. Wajumbe walijibana kwenye madeski ya darasa la nne, magoti yakigonga mbao. Mwenyekiti alikuwa Bi Rukaiya, mkunga mstaafu aliyewapokea nusu ya watoto wa mtaa ule duniani. Tupokigwe na Sekela waliketi mbele. Mwalimu Didas alikuwa ndiyo kwanza amemaliza kuisoma ile taarifa, Najat alipopiga hodi.

Aliingia, akawaamkia.

"Taarifa hiyo niliiandika mimi," alisema. "Ina sentensi mbili. Ya kwanza ni kweli. Ya pili niliitunga. Sekela hajawahi kuicheka bendera. Anasimama vizuri kuliko wengi wetu tunaoimba."

Watoto wa chumba cha pili walisikika wakiimba jedwali la kuzidisha la saba. Mwalimu Didas aliitazama karatasi mkononi mwake kana kwamba ilikuwa imemng'ata. Tupokigwe hakumtazama Najat. Alimgeukia mwanawe, akamwekea mkono kichwani, akauacha hapo muda mrefu.

Mambo hayakuishia hapo. Mjumbe mmoja, mwenye duka, alisema kwamba uongo ni uongo, lakini kutoimba peke yake ni kosa la kutosha. Asiyeimba leo, kesho atakataa na sheria. Mwingine akahofu kwamba kila imani italeta orodha yake ya mambo isiyoyataka, na shule itashindwa kwenda. Walibishana kwa heshima, lakini walibishana kweli. Hatimaye Bi Rukaiya aliinua mkono. Akasema wamemjadili mtoto yule kwa zaidi ya wiki, na hakuna hata mmoja aliyemuuliza jambo moja. Akamgeukia.

"Mjukuu wangu, wenzako wakiimba, wewe unafanya nini?"

"Ninasimama, bibi," Sekela alijibu. "Ninaitazama bendera. Na kimoyomoyo ninaiombea nchi."

Najat aliomba ruhusa aseme neno la mwisho, akapewa. Akaeleza kwamba Ramadhani iliyopita yeye alikuwa na zamu ya kuteka maji ya vyoo, jua likiwa kali. Sekela alizibeba ndoo zake wiki nzima ili yeye asishikwe na kiu. "Hakuniuliza kwa nini nafunga," alisema. "Alijua tu kwamba nimefunga."

Mwenye duka alitazama chini. Ndipo Mwalimu Auleria aliposema kwamba alikuwa ameshawauliza wakubwa wake, na ushauri aliopewa ni kuwa mtoto anayesimama kwa adabu na asiyemvuruga mtu hafukuzwi shule kwa sababu ya imani yake. Kamati ikakubaliana. Sekela arudi darasani kesho yake. Na Najat, aliyeitumia vibaya nafasi yake, avuliwe ukiranja. Najat alikuwa amelitarajia hilo njia nzima, lakini lilipotamkwa liliuma vilevile. Akaitikia, akatoka.

Baba yake alikuwa akingoja nje, amesimama.

"Wamenivua ukiranja."

"Ni haki yao," baba alisema. Walipotoka uwanjani akaongeza: "Uongo wako umepita nyumba kwa nyumba. Ukweli hauwezi kwenda wenyewe. Utautembeza wewe."

Basi kwa siku tatu, kila alipotoka shule, Najat alizunguka kwenye nyumba zilizochukua vitambaa kwa fundi. Kila mlango alisema maneno yale yale, bila kupunguza wala kujitetea. Mama mmoja alimkumbatia na kumpa embe. Mwingine alimwambia kwamba hana malezi, na Najat akakubali kwamba amekosa. Wa tatu alisema ukweli ameusikia, ila yeye hawezi kushonewa na watu wasioimbia nchi. "Hilo ni lako, mama," Najat alimjibu. "Lakini hakuicheka." Wengi walijisikia vibaya, kila mmoja akisema alisikia tu kwa mwenzake. Siku ya tatu Farhan alimfuata bila kuitwa, na ndoo ya chokaa mkononi, wakapaka ukuta wa baraza la Tupokigwe mpaka yale maandishi yakapotea. Mwisho wa wiki, nyuma ya soko, mlio wa cherehani ulisikika tena.

Sekela alirudi kwenye deski lao. Siku ya kwanza Najat alimwomba msamaha, naye akafungua daftari lake. Siku ya pili aliazima rula, akairudisha. Ya tatu Najat alishindwa kuvumilia, akamwomba msamaha kwa mara ya pili.

"Nimekusikia hata mara ya kwanza," Sekela alisema. "Ila bado nina kinyongo. Kikiisha nitakwambia."

Najat akaona hilo ni jibu la haki.

Wageni walikuja na kuondoka. Farhan ndiye aliyepandisha bendera, shule ikaimba vizuri, na katika mstari wa tatu msichana mmoja mrefu alisimama kimya, wima, bila mtu kuandika jina lake.

Kesho yake Mwalimu Didas aliingia darasa la sita kwa kipindi cha Uraia na Maadili. Hakufungua kitabu. Alisimama mbele ya ubao, mikono nyuma, na kwa mara ya kwanza wanafunzi walimwona akitafuta maneno.

"Nimefundisha somo hili miaka kumi na moja," alisema, "na mwezi huu nimelifeli. Nilikuwa na karatasi mkononi na mtoto mbele yangu. Niliiamini karatasi kwa sababu ilisema nilichotaka kusikia. Sekela, nilikukosea. Naomba unisamehe."

Sekela alisimama, akaitikia kwa kichwa, akakaa.

Mwalimu akaendelea polepole. Akawaambia kwamba nchi ina bendera na wimbo, na ni vizuri kuvipenda, hata yeye anavipenda. Lakini nchi hasa ni watu: anayeswali msikitini, anayesali kanisani, anayeimba na anayenyamaza. "Ukimwonea mmoja wao kwa jina la nchi," alisema, "hujaitumikia nchi, umeitia doa. Na serikali haitumikiwi kwa kuambiwa uongo. Raia mwema husema alichokiona, basi."

Sekela alinyoosha kidole. Darasa zima likageuka.

"Mwalimu, mtu aliyesema uongo, halafu baadaye akasema ukweli, anahesabiwa mkweli?"

Najat aliinamisha macho kwenye deski. Mwalimu Didas alifikiri kidogo, kwani alijua swali lile lilimhusu na yeye.

"Wahenga walisema kawia ufike," alijibu. "Kwa hiyo aliyefika amefika, tusimrudishe alikotoka. Lakini wote tukumbuke kwamba wakati yeye anakawia, kuna mtu alikuwa anamngoja juani. Ukishaujua ukweli, usiukalie. Ondoka nao mapema."